Fundi Aliyekataa Neno Kutoweka

Mara ya kwanza kuonana na Fundi, alinitupia karatasi usoni. Iligonga miwani yangu ikaangukia mezani, na nilipoitazama nikakuta ni ile niliyoichapa mwenyewe siku tatu kabla. Nilikuwa karani katika ofisi moja pale Musoma, ofisi ambayo sitaitaja, na karatasi hiyo ilikuwa imebandikwa kwenye ubao wa matangazo pale nje. Alikuwa ameibandua pamoja na gundi yake.

"Wewe ndiye umeandika hii?"

Nikasema ndiyo, niliandika kama nilivyoagizwa.

"Nisomee hapa."

Akaweka kidole. Ncha yake ilikuwa na vitundu vidogo vidogo vya sindano. Nikasoma kwa sauti: "Mtumbwi huo umetoweka katika mazingira yasiyoeleweka."

"Nani alikwenda kuelewa akashindwa?"

Nikafanya kile ambacho sisi watu wa ofisini hufanya tukikosa jibu, nikalainisha sauti. "Pole sana kwa msiba, mama."

Hapo ndipo alipokasirika kweli. "Msiba gani? Si umeandika ametoweka? Mtu katoweka halafu unanipa pole ya msiba! Chagua moja, karani. Amekufa au ametoweka?"

Watu waliokuwa kwenye benchi wakisubiri mihuri waliinamisha vichwa. Mimi nikatazama kalamu yangu. Akachukua karatasi, akaikunja mara nne, akaitia kwenye mkoba na kuondoka bila kuaga. Baadaye nilikuja kujua kwamba aliitunza miaka yote ile, na kila aliponikuta nimeanza kujisifu alikuwa ananiuliza kama naikumbuka.

Jina lake ninalo, ila nimeamua libaki kwake. Mji mzima ulimwita Fundi, na wenye adabu wakasema Mama Fundi. Alikuwa na chumba cha kushonea pale Nyakato, kati ya duka la mkaa na kibanda cha kinyozi, na alikuwa anashona sare za shule, madera, kanzu, na mapazia ya watu waliojenga. Mume wake alikuwa anachukua sehemu ya kazi hizo na kwenda kuziuza visiwani. Asubuhi moja alipanda mtumbwi wa abiria na marobota yake mawili. Walikuwa watu kumi na wanne pamoja na nahodha. Ziwa lilikuwa limetulia kama uji uliopoa. Mchana hawakufika, jioni hawakufika. Kesho yake ilitoka mitumbwi miwili kuwatafuta, ikazunguka mpaka petroli ilipopungua, ikarudi. Haukuonekana ubao, wala ndara, wala dumu. Na kwa sababu hakikuonekana kitu, watu wakapata ya kusema.

Nimetoka kijiji cha rasi, kule ambako kila nyumba ina mtu wake ziwani. Kwetu wazee walikuwaga wanasema ziwa haliulizwi. Mtu akizama, tunaimba, tunakula, tunanyamaza, basi. Nilikua nikidhani hiyo ni busara. Fundi ndiye aliyenifanya nianze kuiona kuwa ni woga uliovaa nguo za heshima, na sikumshukuru kwa hilo, kwa sababu mtu akikuvua nguo hadharani humshukuru.

Alikuwa mrefu, mkavu, futi ya kupimia imening'inia shingoni hata akienda sokoni. Alikupima kwa macho kabla hujamaliza shikamoo. Siku niliyopeleka suruali yangu ya kwanza kwake, miezi kama mitatu baada ya ile karatasi, alinitazama kuanzia mabegani mpaka viatuni akasema, "Kiuno thelathini na nne. Uoga, mita tano." Kisha akaishona vizuri kuliko suruali yoyote niliyowahi kuvaa.

Kazi mbovu ilimkera kuliko matusi. Ukimpelekea shati lililoshonwa na fundi mwingine ili abadilishe kifungo tu, ungekuta amefumua bega zima kwa sababu mshono ulikuwa umepinda. Hakuomba ruhusa. "Fumua kwanza," alikuwa anasema, na neno hilo alilitumia kwa kila jambo, iwe ndoa ya mtu, maelezo ya daktari au taarifa ya habari. Huwezi kurekebisha kitu, alisema, mpaka umeona kimeshikiziwa wapi.

Kinyozi jirani yake alikuwa kijana mcheshi aliyependa kuangalia video kwenye simu. Siku moja nikiwa pale nasubiri suruali, aliingia na simu yake imewashwa, akatuonyesha habari za eneo moja kule baharini, pembetatu, ambamo meli zinaingia hazitoki na ndege zinapita hazifiki. Sauti ya mtangazaji ilikuwa nzito, na chini yake kinanda cha kutisha.

"Mnaona?" kinyozi akasema. "Na hapa kwetu ipo. Ukichora mstari kutoka kisiwa hadi kisiwa unapata pembetatu hiyo hiyo. Ndimo ulimopotelea ule mtumbwi. Kuna nguvu mle ndani, Mama Fundi. Wataalamu wenyewe wameshindwa."

Nilitaka kumkanyaga mguu anyamaze. Fundi aliacha kukanyaga cherehani. Hakupiga kelele, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Hiyo ndege," akauliza, "ilipopotea, waliitafuta?"

"Waliitafuta sana! Meli, ndege nyingine, mitambo ya chini ya maji. Muda mrefu."

"Wakakosa."

"Wakakosa."

"Basi wale wana haki ya kusema hawaelewi. Wametafuta, wamechoka, wamekosa. Sisi tulitafuta nini? Mitumbwi miwili, siku moja, mafuta yakaisha. Wale wana siri, mwanangu. Sisi tuna uvivu." Akaanza kukanyaga tena. "Na huo mtumbwi ulikuwa wa nani? Ulijengwa lini? Nani aliukagua? Hujui. Lakini pembetatu unaijua."

Kinyozi alizima simu. Tangu siku hiyo alikuwa anamnyoa mtu yeyote aliyefiwa ziwani bila kusema neno, jambo ambalo kwa kinyozi ni toba kubwa.

Hilo lilikuwa ndilo kosa letu sote. Tulipenda muujiza. Muujiza hauna mwenyewe. Ukisema jini kachukua, hakuna wa kumwita ofisini, hakuna wa kusimamishwa kazi, na mwenye mtumbwi anaweza kuja kutoa pole akiwa amevaa shati jeupe, akakaa kwenye mkeka wako. Na alikuja. Alikaa. Alikunywa chai ya Fundi.

Pamoja na hayo yote, Fundi hakuwa mtu wa mstari mmoja. Alidharau habari za majini, lakini kila Alhamisi jioni alifukiza ubani chumbani, na ukimuuliza alisema ni kwa ajili ya mbu. Hakuruhusu mtu apige mluzi ndani ya nyumba. Baada ya ule mtumbwi, watu wengi mjini waliacha kula samaki kwa wiki kadhaa, unajua kwa sababu gani. Yeye alinunua sangara siku ya nne, akampika mbele ya majirani, akala. "Samaki hawakumla mume wangu," alisema. "Aliyemla namjua." Lakini jirani wa duka la mkaa aliniambia alimsikia akitapika uani.

Lililonishinda zaidi nililikuta kijijini Mugeta.

Mama mkwe wake aliishi huko, katika nyumba ambayo zamani mzee wake alikuwa na duka la nguo na chumvi. Nilikwenda kikazi upande wa Bunda, na Fundi akaniomba nimpelekee mama huyo mfuko. Nilimkuta bibi mdogo wa mwili, macho yamefunikwa na ukungu, ananuka karafuu. Alipoufungua ule mfuko akatoa kanzu mpya, nyeupe, imetariziwa kifuani kwa uzi wa rangi ya maziwa. Akaipapasa mabega.

"Ameongeza upana," akasema kwa furaha. "Nilimwambia aongeze. Mwanangu atakuwa amenenepa sasa. Huko aliko wanakula vizuri."

"Huko wapi, bibi?"

"Kwa hao waliomchukua. Chini kuna mji. Wamempa mke." Akacheka kidogo kama anayeona haya. "Lakini siku ya Idi atakuja. Mke wake huyu wa juu ananishoneaga kila Idi, ili akija asikose cha kuvaa."

Kwenye kabati zilikuwa zimening'inizwa nyingine nne.

Nilirudi Musoma nimefura. Niliingia chumbani kwake bila hodi. "Sisi unatutukana tukitaja pembetatu. Mimi umenitupia karatasi usoni. Halafu mama wa watu unamshonea kanzu za mtu wa chini ya maji?"

Alikuwa ameshika pini midomoni. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa.

"Yule mama alikuwa na mtumbwi?"

"Hapana."

"Ameandika taarifa?"

Nikageuka kuelekea mlangoni.

"Basi muache na mwanawe." Akarudisha pini midomoni. Nilipofika mlangoni akasema kwa meno yaliyobana, "Kifua chake kilikuwa inchi arobaini. Siku hizi nakata arobaini na nne."

Sasa niseme alichokifanya, maana mengine yote ni tabia tu.

Imamu wa msikiti wao, mtu mpole, alimwambia hawezi kuanza kukaa eda kwa sababu kifo hakijathibitika. Kisheria bado ni mke wa mtu, asubiri. Mwanamke mwingine angelia. Fundi alisema, "Vizuri, Sheikh. Kama mimi si mjane, basi sina sababu ya kukaa ndani." Akafunga chumba, akaanza kutembea mialo yote, kule mitumbwi inakotia nanga, mmoja baada ya mwingine, akiuliza maswali yale yale matatu aliyomuuliza kinyozi.

Katika mwalo wa Makoko alimpata fundi mitumbwi mmoja mzee aliyeujua ule mtumbwi. Mzee alimweleza wakiwa wawili tu, mikono yake ikiendelea kusokomeza pamba kwenye maungio ya mbao. Mtumbwi ule, alisema, uliletwa kwake uzibwe. Akapitisha kidole kwenye ubao wa chini, kidole kikaingia kama kwenye mkate. Akakataa kuuziba. Akamwambia mwenyewe aukate kuni. Wiki mbili baadaye aliuona majini, umepakwa rangi ya bluu na jina jipya ubavuni, umejaa watu. Mwenye mtumbwi alikuwa na mwingine wa pili, pacha wake, na ulikuwa na ugonjwa ule ule.

Fundi alimkokota mzee huyo mpaka ofisini kwetu. Mkuu wangu akamkaribisha kiti, akamuuliza kwa upole kama ana jambo. Mzee akatazama dari. Akasema amesahau. Mitumbwi ni mingi, alisema, na macho yake yameanza kuchoka.

"Mdomo wako umeuziba kwa pamba!" Fundi alipiga kelele mpaka watu wa nje wakaja dirishani. Na palepale, mbele ya watu wote, akarudia neno kwa neno kila alichoambiwa kule Makoko. Siku ile alifanya vibaya, nami lazima niseme. Yule mzee alikuwa na familia, na wenye mitumbwi ndio waliokuwa wanampa kazi. Waliposikia, hakuna aliyempelekea tena hata kasia. Nilipomweleza Fundi hilo, alijibu, "Mume wangu naye alikosa kazi." Ilikuwa kauli ya kikatili na alijua, kwa sababu shule zilipofungua niliwaona wajukuu wa yule mzee katika sare mpya, na mishono ile naijua. Lakini kuomba radhi hakuomba. Hasira yake haikuwa na mizani. Ilimpiga aliye karibu kwa sababu aliye mbali hakufikika.

Halafu ikaja siku ya ule mtumbwi wa pili.

Asubuhi, saa mbili hivi, mkuu wangu alinituma mwaloni. Kuna mwanamke kaleta fujo, alisema, kamtoe. Nilipofika nikakuta watu wamejaa, mizigo chini, na katikati ya mtumbwi huo wa pili, nao wa bluu, amekaa Fundi kwenye ubao wa abiria, amepakata cherehani cha mkono, anashona. Alikuwa anazungusha gurudumu kana kwamba yuko Nyakato. Ndani ya mtumbwi maji yalikuwa yamemfika kwenye vifundo vya miguu, na hata safari haijaanza.

Nilivua viatu, nikaingia majini mpaka magotini, nikashika ukingo.

"Fundi, nimetumwa nikutoe."

"Nitoe."

Sikumtoa. Nilisimama pale kama nguzo ya kufungia ng'ombe. Abiria waliokuwa wanataka kusafiri walinung'unika, mmoja akasema huyu mama amechanganyikiwa tangu mumewe apotee. "Hakupotea!" alijibu bila kuinua kichwa. "Ingia ndani uone alivyoondoka."

Mwenye mtumbwi alikuja kama saa nne, kwa gari. Alikuwa mnene, mwenye sauti ya kubembeleza, anayependa kushika watu bega. Alisimama kwenye mchanga mkavu.

"Mama yangu, tunajua una uchungu. Sisi sote tunakuelewa."

"Usinielewe," Fundi akasema. "Panda."

"Nini?"

"Panda twende. Mimi na wewe, na nahodha wako. Mpaka kisiwani na kurudi. Nimechukua na chakula." Akaonyesha bakuli lililofungwa kwa kitambaa. "Tukirudi salama, nitakuomba radhi hapa hapa mbele ya hawa, na sitafungua tena mdomo wangu maisha yangu yote. Panda."

Hata wauza dagaa waliacha kugeuza dagaa wao. Mwenye mtumbwi akacheka, akatazama watu ili wacheke naye, hawakucheka. Akatazama maji yaliyokuwa ndani ya mtumbwi wake. Namwona mpaka leo anavyoyatazama. Alikuwa anayajua.

"Mimi nina kikao," akasema.

Neno moja hilo. Kicheko kilianzia kwa wanawake wa dagaa, kikapanda mwalo mzima, na kilikuwa kicheko kibaya, chenye machozi ndani, maana pale walikuwepo wengine waliofiwa. Mtu mmoja akatia mguu kwenye ubavu wa mtumbwi, ubao ukatoboka. Hakuna aliyepanda tena. Ulivutwa nchi kavu, ukakaa wiki kadhaa, kisha watu wakaanza kuubandua kipande kipande, wakapikia.

Unataka kujua mwenyewe alifanywa nini? Hakufanywa kitu. Ofisi yetu iliandika kwamba chombo cha pili kimeondolewa kwa hiari ya mmiliki. Niliandika mimi. Aliingia kwenye biashara nyingine, akanenepa zaidi, akawa mtu wa kuitwa kukata utepe.

Fundi alipigania pia karatasi ya kifo. Hakuihitaji kwa urithi, hapakuwa na cha kurithi. "Nataka karatasi inayosema amekufa," aliniambia, "watu waache kuniuliza kama amepiga simu." Ilichukua miaka. Alikwenda mahakamani Musoma mara zisizo na idadi, akakalia mabenchi, akaambiwa faili halionekani, akaambiwa aje na shahidi aliyeuona mwili. "Ningekuwa na aliyeuona mwili ningekuja kwenu kufanya nini?" alimuuliza karani wa huko, na karani akamwambia apunguze sauti. Siku alipopewa cheti nilikuwa naye. Alikisoma taratibu mpaka alipofika kwenye sababu ya kifo. Palikuwa pameandikwa: haijulikani.

Akaomba kalamu dirishani. Dada aliyekuwa akihudumu hapo akampa, akidhani anataka kutia saini. Fundi akakata neno lile kwa mstari mmoja ulionyooka, mstari wa fundi nguo, na juu yake akaandika kwa herufi kubwa: MBAO ILIYOOZA.

"Mama, umeiharibu! Hii haina kazi tena."

"Sasa ndiyo ina kazi."

Aliitia kwenye fremu, akaitundika chumbani kwake, juu ya mitindo ya madera. Wateja waliisoma wakipimwa.

Baada ya hapo ndipo alipokaa eda. Kamili, miezi minne na siku kumi, miaka baada ya kifo chenyewe. Watu wakasema ni ukaidi. Yule imamu aliniambia kwa unyenyekevu kwamba jambo la mama huyu lilimpita kimo, akabaki kumwombea. Ndani ya eda hiyo alishona maboya ya kuvaa. Alichukua chupa tupu za maji, akazifunga vizuri, akazishonea mifuko mizito kifuani na mgongoni, na mikanda ya kupita katikati ya miguu. Alipotoka alinipeleka ziwani, mimi mtoto wa wavuvi nisiyejua kuogelea, akanivika moja akanisukuma kutoka kwenye gati. Nilipiga mayowe. Nilielea. Yeye alikuwa amesimama juu ananikaripia nisirushe mikono. Aliyagawa kwa wanawake waliokuwa wanavuka na bidhaa, na baadhi waliyavaa, na baadhi waliona aibu kuonekana na chupa kifuani wakayatumia kama mito. Hilo nalo lilimtia hasira, bila shaka.

Kisha mama mkwe akaugua, Fundi akahamia Mugeta kumuuguza. Mimi nikahamishiwa Butiama, nikapanda cheo, nikapata meza ya peke yangu. Mama yule alifariki, Fundi akabaki kule. Tukaacha kuonana.

Mwaka jana nilitumwa kwake.

Ilikuwa imeundwa kamati ya kujenga jiwe la kumbukumbu, lenye majina ya wale kumi na wanne. Sherehe ilikuwa imepangwa, kwaya imepatikana, na ilitakiwa familia moja iketi meza kuu na kusema maneno mawili ya shukrani. Mtu akakumbuka kwamba mimi namfahamu yule mama. Nikapewa bahasha ya mwaliko, doti mbili za vitenge, na gari lenye dereva wake.

Nilimkuta barazani, mchana, anashona sare za shule ya pale. Amezeeka. Miwani minene, kamba yake imefungwa kwa uzi. Shikamoo, marahaba, akanipima kwa macho. "Thelathini na nane," akasema. "Ofisi inakulisha." Tulicheka. Akaniletea maji ya kunywa, akaniuliza habari za kinyozi, za jirani wa mkaa, za yule mzee wa Makoko. Nikamwambia mzee alishafariki. Akaiweka nguo magotini. "Nilikosea kwake," akasema. "Mwambie mkewe nimesema hivyo. Tumia maneno hayo hayo."

Nikaona ndipo pa kuingilia. Nikamweleza habari za jiwe, majina, kwaya. Alisikiliza huku anakunja pindo.

"Jambo zuri," akasema. "Watu kukumbukwa ni vizuri. Nani anajenga?"

Nikamtaja. Nilimtaja kwa cheo chake kipya, kwa sauti ya chini, kana kwamba hilo lingesaidia. Yule yule aliyekuwa na kikao.

Nilijiandaa kwa kelele. Zile karatasi, zile pini, yote yalinipita kichwani. Hakupiga kelele. Aliendelea kukunja pindo mpaka mwisho wa kitambaa, akakata uzi kwa meno.

"Na jina lake litakuwepo kwenye jiwe?"

"Chini. Kama mfadhili."

"Kubwa kuliko yao?"

Nilikuwa nimeuona mchoro wa jiwe.

Akavua miwani, akatazama barabarani, pale lilipoegeshwa gari, jeupe, vioo vyeusi. "Hilo gari la nani, karani?"

Alikuwa hajaniita hivyo miaka mingi. Nilitaka kusema ni la kamati. Nilifungua mdomo niseme hivyo. "Lake," nikasema.

"Umekuja kwangu ndani ya gari lake." Sauti yake haikuwa kali. Ilikuwa imechoka, na nilitamani anitukane. "Vitenge vyake, gari lake, mdomo wako. Mimi sikuhukumu. Una watoto. Ila hapa kwangu huondoki kwa hilo gari. Ukiondoka kwa hilo gari, usirudi."

Akavaa miwani, akavuta shati jingine kutoka kwenye rundo.

Nilikaa pale dakika chache nikiitazama mikono yake. Kisha nikabeba vitenge na bahasha, nikamfuata dereva, nikaviweka kwenye kiti cha nyuma na kufunga mlango nikiwa nje.

"Bosi, vipi? Panda, jua kali."

"Tangulia."

"Kutoka hapa mpaka lami? Ni mbali, bosi." Akanitazama, akamtazama yule mama barazani. "Nikamwambieje mzee mwenye gari?"

"Mwambie tumekataa."

"Nani na nani?"

"Mwambie hivyo hivyo."

Alilitembeza gari taratibu kando yangu kwa mwendo kidogo, kioo kimeteremshwa, akinibembeleza kama mtu anayebembeleza mlevi. Kisha akakata tamaa, akaondoka, na vumbi likanifunika kichwa mpaka viatu. Nilipangusa miwani kwa ncha ya shati. Nikavua koti, nikalitupia begani, nikaanza kutembea.